Kipa Aliyesimama Mikono Nyuma

Kwenye ukuta wa kibanda changu cha ulinzi pale Berea, mlimani Durban, Afrika Kusini, kuna karatasi iliyopigwa plastiki, na juu yake kampuni imeorodhesha mambo kumi ambayo mlinzi haruhusiwi kuyafanya. La tatu ni kuingia kwenye nyumba ya mpangaji. La nne ni kushika mali ya mpangaji, iwe mzigo, ufunguo au hata gazeti. Mwaka wangu wa kwanza niliisoma karatasi hiyo kila asubuhi kwa kukosa kitu kingine cha kusoma. Gari linaingia, nabonyeza kitufe cha geti. Gari linatoka, nabonyeza. Toka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni naweza nikatamka maneno ishirini, na kumi na tano kati ya hayo ni "morning".

Kabla ya hapo nilikuwa Mobeni, kwenye ghala la matairi. Kazi ilikuwa ya punda, lakini tulikuwa wengi na tulitukanana vizuri siku nzima. Ghala likafungwa, nikapanda mlimani kulinda geti. Jengo lina familia zaidi ya arobaini, wote wananijua sura, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza natoka wapi. Wengine wananiita Mkongo, wengine Mmalawi, na bwana mmoja wa ghorofa ya nne amenifanya Mnigeria. Nilikwisha kuacha kubishana nao. Upweke huo uliniuma hasa, na nasema wazi, maana wanaume wa umri wangu tuna tabia ya kusema "tumezoea" wakati hatujazoea kitu.

Bibi wa ghorofa ya chini, nyumba ya pembeni, alikuwa anakaribia miaka tisini. Mzungu, mwembamba, mgongo umenyooka. Macho yalikuwa yamekwisha: katikati haoni kitu, pembeni anaona vivuli. Asubuhi moja alishuka kwenye gari la kukodi na mfuko wa karatasi wa dukani, na alipofika mbele ya kibanda changu mfuko ukapasuka kitako. Nakumbuka machungwa yakibingirika. Chupa ya jemu siikumbuki kabisa. Ninachojua ni kwamba nilijikuta nimepiga goti kwenye lami, chupa iko mikononi mwangu shibiri moja kutoka chini, na kifua changu kiko nyuma yake.

Yeye alisimama anasubiri mlio wa kioo. Haukuja.

"Umeidaka?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa mikono miwili?"

"Miwili."

"Basi wewe umewahi kukaa golini."

Tulikuwa tunazungumza Kiingereza, chake cha Wazungu wa Durban na changu cha kuokoteza, lakini naandika kwa lugha niliyosikia nayo moyoni. Miaka yote niliyokaa nchi hii hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo la kweli namna ile bila kuniuliza kwanza hati zangu. Nilijibu kwamba nilikaa golini zamani, kidogo tu. Kisha nikaokota machungwa na kumfikishia vitu vyake mlangoni, chupa kwapani.

Kamera iliona yote. Wiki iliyofuata nikapewa onyo la maandishi kwa kosa namba nne. Msimamizi aliniuliza kwa nini nilishika chupa ya mpangaji huku najua hairuhusiwi. Nikamwambia sijui. Akaandika "hajui", nikatia sahihi, na nikakaa na hasira siku tatu nzima. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kaka yangu alikuwa akinitania kwamba naweza kugombana na kivuli changu kikinitangulia.

Bibi alipopata habari za lile onyo alicheka kwanza, kisha akaudhika kuliko mimi. Ndiye aliyetafuta njia. Dirisha la sebule yake linatazama njia ya kuingilia magari, hatua sita kutoka kibandani. Alisogeza kiti chake pale, akafungua kioo, tukabaki tumetenganishwa na vyuma vya dirisha. Karatasi ya kampuni inasema nisiingie na nisishike. Haisemi nisisome. Kwa hiyo saa za mchana, magari yanapopungua, nilisimama nje kwenye maua, yeye ameketi ndani, na alikuwa akibandika kipande cha gazeti kwenye vile vyuma kwa vidole vyake nami nakisoma kwa sauti. Mikono yangu niliiweka nyuma, ili kamera ione vizuri kwamba sishiki kitu cha mtu.

Vipande hivyo vilitoka kwenye bati la biskuti, na vyote vilimhusu baba yake. Alikuwa golikipa huko Wales, ile nchi ya milima iliyo magharibi mwa Uingereza, katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nilipiga hesabu nikaona haiingii. Akanieleza kwamba baba yake alioa akiwa amepita miaka hamsini, hapa hapa Durban, na mtoto alikuwa yeye peke yake. Macho yalipokwisha vipande vikabaki kwenye bati bila mtu wa kuvisoma, na rafiki zake wa zamani walikuwa wamekufa mmoja mmoja.

Nilimfahamu yule kipa polepole, kipande kwa kipande. Alianza kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba, kazi yake kupasua mawe yawe membamba kama vigae. Timu ya kijiji, wachimbaji watupu, ilimweka golini kwa sababu kipa wao alivunjika mguu machimboni. Viganja vyake vilikuwa vimeota sugu kiasi kwamba hakuvaa glavu hata siku za theluji. Baada ya muda klabu ya mjini ikamchukua, akawa analala kwenye vyumba vya kupanga na kula chakula cha mama mwenye nyumba. Aliitwa timu ya taifa mara moja, wakacheza na Waairishi. Kofia aliyopewa siku hiyo, kama walivyopewa wote waliochezea taifa, ya kitambaa kizito chenye kishada, ilikuwa kwenye bati lile lile, imetobolewa na wadudu. Bibi aliniinulia pale dirishani. Nilitamani kuishika, nikaminya vidole vyangu huko nyuma.

Hapa lazima nieleze sheria, maana vijana wa leo watadhani natunga. Enzi zile kipa aliruhusiwa kutumia mikono popote kwenye nusu yake ya uwanja, mpaka mstari wa kati. Kitu alichokatazwa ni kukimbia ameukumbatia mpira. Ilimpasa audunde. Makipa wengi hata hivyo walibaki golini kwao, maana ukitoka unakanyagwa. Baba yake bibi alikuwa anatoka. Mpira mrefu ukija, anaufuata mbali huko, anaudaka, anaudunda huku mabeki wake wanampisha na mastraika wanamrukia miguuni, anafika karibu na katikati ndipo anaupiga. Karibu kila gazeti lilitaja jambo hilo, mengine kwa sifa na mengine kwa kumkaripia.

Nilikuwa nasoma nacheka kwa sauti pale kwenye maua. Wapangaji walionipita waliniangalia vibaya, mlinzi anacheka na ukuta. Ziliniingia raha ambazo sikuwa nazo tangu Mobeni, na jioni nilipokuwa nashuka kwa miguu kupitia soko la Warwick, katikati ya wauza dawa za mizizi na wabeba mizigo na mikokoteni yao, nilikuwa nawaza mechi za watu waliokufa kabla mama yangu hajazaliwa.

Kisha vipande vikaisha ghafla. Kuna msimu umeanza, na baada ya hapo hakuna kitu. Nilimwuliza bibi, akafunga bati. Aliniambia kesho yake.

Alipokuwa mtoto, Jumamosi baba yake alimpeleka uwanjani kuangalia timu za mitaa. Hapa Durban baba hakucheza tena. Alifanya kazi kwenye stesheni ya mizigo mpaka uzee. Uwanjani hakukaa pembeni na watu, alisimama nyuma ya goli, mikono nyuma, mpaka filimbi ya mwisho. Mpira ukitoka ukamfikia, aliurudisha kwa mguu. Hakuugusa kwa mkono hata mara moja. Siku moja kanisani alitokea mwanamke mgeni, mtu wa kijiji kile cha machimbo, aliyekuja kutembelea ndugu zake. Alimwona yule mzee, akasema watu wakisikia kwamba huyo ndiye aliyeuza mechi akakimbia nchi. Baba alisikia. Hakujibu siku hiyo, na miaka minne baadaye akafa bila kujibu.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," bibi alisema. "Nilimtazama usoni nikingoja akatae."

Kwenye mfuko wa kizibao chake walikuta kipande kimoja cha gazeti, kimekunjwa kikawa kidogo kama stempu. Kilikuwa kwa Kiwelisi, lugha ya Wales, na mama yake hakukijua Kiwelisi, wala yeye. Nilimwuliza kwa nini maisha yote hakutafuta mtu wa kumsomea.

"Niliogopa," alisema. "Sasa sina muda wa kuogopa."

Mwisho wa mwezi mpwa wa kike wa marehemu mume wake alikuwa anakuja kutoka Johannesburg kumpeleka kwenye nyumba ya wazee kule bara. Hakuna ambaye angemsomea kitu huko, na mwenyewe alijua haendi kukaa muda mrefu. Alitaka kujua jambo moja kabla ya hapo: baba yake aliuza mechi, au hakuuza.

Mwenzangu anayenipokea zamu jioni ni Mkongo wa Bukavu, mtu wa maneno mengi, anayechanganya Kiswahili cha kwao na Kifaransa na lugha ya mitaa ya Durban, mwenye simu nzuri kuliko mshahara wake. Nilimngoja. Bibi alikibandika kile kipande kwenye vyuma, na mwenzangu akakipiga picha.

"Mon vieux, hii karatasi iko na luga gani? Haiko Anglais, haiko Français."

"Ya Wales."

"Eish! Na iko watu wanasemaka hii?"

"Wapo. Wewe iambie simu itafsiri."

"Sharp, ngoja." Alisubiri, akaangalia kioo, uso ukabadilika. "Papa, hii haiko maneno ya muzuri. Soma wewe, mimi sitaki kumusomea mama huyu."

Ilikuwa Kiingereza cha kuchechemea, lakini maana ilisimama wima. Sheria ilikuwa imebadilishwa mwanzoni mwa msimu ule, mikono ya kipa ikafungiwa ndani ya eneo la hatari. Ilikuwa mechi ya kombe, bila bila, imebaki kidogo. Mpira mrefu ulikuja, kipa akatoka kama desturi yake, akaudaka mbali nje ya mstari, akaudunda mara moja, akaudunda mara ya pili. Refa akapuliza. Kwa mpira ule wa adhabu wakafungwa, wakatolewa. Mwandishi alimalizia kwa kusema kipa wa uzoefu ule hawezi kusahau sheria ambayo amecheza chini yake wiki na wiki, na kwamba watu wa kijijini kwao wanajua la kufikiri.

Nilimsomea bibi yote, sikuficha neno.

"Basi aliuza," alisema. "Miaka yote hiyo golini. Hakuweza kusahau."

Akafunga kioo, akavuta pazia.

Nilijua jibu. Nililijua tangu pale kipa alipotoka kama desturi yake, na nikanyamaza. Nilikabidhi zamu, nikashuka mlima kama mtu aliyeiba. Pale Warwick nilisimama kununua mahindi ya kuchemsha nikasahau kuyachukua, muuzaji akanipigia kelele kwa Kizulu mpaka nikarudi. Nilinyamaza kwa sababu ushahidi pekee niliokuwa nao ulikuwa habari yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote Durban. Watanzania wenzangu wa hapa wanajua niliacha mpira kwa goti. Goti langu ni zima.

Siku mbili pazia halikufunguka. Siku ya tatu niligonga kioo kwa kucha. Alifungua, nikamwambia nina jambo la kumwambia, asinikatishe, kwa sababu nikikatishwa sitaanza tena.

Nilidakia timu ya kiwanda, Tanga. Kaka yangu alikuwa beki wa kati mbele yangu. Tulikuwa na mchezo wetu tuliouanza uani kwa mama na mpira wa makaratasi: yeye ananirudishia, mimi nadaka, namtolea, yeye anarudisha tena. Tukiwa tunaongoza tulikuwa tunakula dakika kwa mchezo huo mpaka mashabiki wa upande wa pili wanalia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakubwa wa mpira wa dunia wakaupiga marufuku. Beki akikurudishia kwa mguu, kipa usidake, upige tu. Sheria ilipotufikia refa alituelezea chumbani, sote tukaitikia kwa vichwa, tena tukamcheka kidogo kwa alivyorudiarudia.

Mechi ilikuwa ya kupanda daraja. Sare ilitutosha. Imebaki kidogo, kaka ana mpira, straika yuko mgongoni kwake, akanirudishia. Nikaudaka. Niliudaka vizuri, kifuani, kwa mikono miwili, na niliposikia filimbi niligeuka kuangalia nani kaumia. Wakaupanga mpira ndani ya kumi na nane yetu, wakatufunga.

Jioni ile ile mji mzima ulikuwa unajua nimekula hela. Kila mtu alikuwa na binamu aliyeniona nikipokea bahasha. Mama alikuwa anauza vitumbua, asubuhi akarudi na beseni limejaa kama alivyoondoka nalo. Ijumaa nilipotoka msikitini watu walinipa vidole viwili badala ya mkono. Na kaka yangu hakusema neno. Viongozi walimwuliza, mashabiki walimwuliza, akajibu hana la kusema. Angesema sentensi moja tu, kwamba tulicheza hivyo tangu utotoni, wangenielewa. Hakuisema. Nilimwona mama akimtazama, naye anatazama sahani. Baada ya miezi michache nikaondoka, Dar, Maputo, halafu huku. Kila Idi ananitumia ujumbe wa salamu, nami namjibu kwa maneno mawili. Imepita miaka zaidi ya thelathini.

Bibi hakunikatisha. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo sikulitegemea kwake.

"Walikulipa?"

"Hapana, Mama."

"Nitajuaje?"

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nimemfungulia mtu kifua, ananiuliza risiti. Nilikuwa tayari kurudi kibandani nikae na magari yangu.

"Usiondoke," alisema. Alikuwa amesikia viatu vyangu. "Ile chupa ya jemu. Ulikuwa unajua hairuhusiwi kuishika?"

"Nilijua. Karatasi iko mbele ya macho yangu kila siku."

"Kwa hiyo uliamua kuvunja kanuni yao."

"Sikuamua kitu. Nilishtukia ninayo."

Alirudia maneno hayo kwa sauti ya chini, mara mbili au tatu. Nilishtukia ninayo. Kisha akaweka paji la uso kwenye vyuma vya dirisha na kulia, kilio cha mtu mzima ambaye hakumbuki namna ya kulia, na mimi nimesimama pale nje sina ruhusa hata ya kumpa kitambaa.

"Mikono nyuma," alisema alipotulia. "Nilidhani alikuwa na hasira, anajizuia asipige mtu. Kumbe alikuwa haiamini tena."

Sikumwambia kwamba mimi nami, muda wote huo, nilikuwa nimesimama vile vile.

Tulibaki na siku tisa. Aliniomba nimsomee vipande vyote upya tangu machimboni, na safari hii alikuwa ananikatisha hovyo, anauliza mpira ulikuja kwa mguu gani, upepo ulitoka wapi, kama vile mimi nilikuwepo. Siku ya mwisho au ya kabla yake alisema jambo alilokumbuka.

"Pale nyuma ya goli alikuwa anaita. Kila mpira ukija, nilimsikia kwa chini: wangu. Hata ukiwa wa watoto. Wangu. Wewe hukuita?"

"Lini?"

"Siku ile ya kaka yako."

Nikamwambia sikumbuki.

"Kipa huwa anaita," alisema, na hakuendelea.

Lori lilikuja asubuhi. Mpwa wake alisimamia masanduku, mwanamke mwenye haraka ya kurudi barabarani. Bati la biskuti bibi alilipakata mwenyewe kwenye kiti cha mbele cha gari la mpwa. Gari lilipofika getini alishusha kioo akanyoosha mkono nje, hewani tu, hajui niko wapi. Nikaushika kwa mikono yangu miwili. Karatasi ya kampuni haisemi kitu kuhusu mkono wa mpangaji.

Waliohamia pale ni vijana wawili wanafunzi, na pazia lao halifunguliwi. Nikarudi kwenye maneno yangu ishirini. Huo upweke wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, maana wa kwanza nilikuwa sina cha kulinganisha nao. Mwenzangu wa Bukavu aliniona nimepungua akaniambia, "Papa, unabaki kimya sana, utapasuka," nami nikamtukana kwa mapenzi.

Lile swali halikuniacha. Nilikuwa na ile mechi kichwani miaka thelathini, naijua kama njia ya kwenda chooni: jua liko kushoto, straika ana soksi moja imeshuka, kaka anageuka, mpira unakuja. Katika habari hiyo mimi nimesimama kimya. Nimekuwa kimya kila mara nilipoisimulia moyoni, na ndivyo nilivyomsimulia bibi. Lakini hakuna siku niliyodaka mpira bila kuita. Mama alikuwa anatufukuza uani kwa kelele zangu.

Niliita. Nilisema nipe. Nakumbuka hata koo lilivyokauka kwa vumbi. Straika alikuwa amembana kaka, nikaona hatari, nikaita kama nilivyoita maisha yangu yote, naye akanipa kama alivyonipa maisha yake yote. Mguu wake haukujua sheria mpya zaidi ya mikono yangu. Mimi mikono yangu niliitetea miaka thelathini, mguu wake sikuutetea hata siku moja.

Na ile sentensi niliyotaka kaka aiseme, nikaiona upande wa pili. Angefungua mdomo kunitetea wangemwuliza swali la kwanza kabisa: kwa nini ulimrudishia huku unajua hairuhusiwi? Angelazimika kusema kwamba kipa aliuomba mwenyewe. Mji ulikuwa unangojea neno hilo tu. Akachagua kusema hana la kusema, akatazama sahani yake, na mdogo wake akamchukia.

Haikunichukua siku moja kumpigia, ilinichukua wiki tatu. Nilipiga Jumapili mchana, nikiwa kibandani, magari machache. Alipokea haraka kuliko nilivyotaka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Unaumwa?"

"Mzima. Kaka, ule mpira. Ule wa siku ile." Nilikaza simu sikioni. "Niliuita mimi. Nilisema nipe."

Upande wake pikipiki ilipita, sauti ikafifia, nikamsikia anavuta pumzi ya mtu mzee, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba amepita miaka sitini.

"Nilikusikia," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa naogopa isije ikawa kuna mwingine aliyekusikia."

Gari lilipiga honi getini. Nililiacha lipige.